Nyumba Haiachwi Kavu

Watu wa nchi za baridi, nasikia, hufunga karavani zao majira ya baridi yakiingia. Humwaga maji, hufunika, na kuondoka mpaka jua lirudi. Kwetu Omani ni kinyume. Miezi ya joto hakuna mwenye akili anayeisogelea karavani, na baridi ikiingia ndiyo kwanza tunatafuta funguo. Kwa hiyo ukiwa na karavani juu ya Jabal Shams, kule mlimani nyuma ya Nizwa ambako maji huganda ndani ya ndoo, huna budi kuyafungua na kuyafunga maji yako kila wiki. Alhamisi unajaza tangi. Jumamosi, kabla ya kushuka, unalimwaga lote, unafungua kila mfereji, unatoa kizibo cha hita, unafungua koki za chini zilizojificha nyuma ya gurudumu, kisha unasubiri mpaka tone la mwisho lianguke. Ukisahau, mlima haukusamehe. Mimi sikusahau hata mara moja, na nalisema hili mapema kwa sababu nimesingiziwa.

Karavani yenyewe ilikuwa ya mume wangu, kwa maana ya kwamba jina lake ndilo lililoandikwa. Lakini mapazia nilishona mimi, magodoro nilichagua mimi, na kila bomba lililopita chini ya sakafu ile nalijua linakoanzia na linakoishia. Ilipandishwa mlimani juu ya lori na kuwekwa katika kiwanja cha rafiki yake, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili. Sikuwa na nyumba nyingine duniani ninayoweza kuingia na kupika ninachotaka. Watoto wetu walikuwa wamekwisha kukua na wako Maskati, na sisi wawili tuliishi Ibra, ndani ya nyumba ya mavyaa wangu.

Mavyaa ni mama wa mume. Lugha imempa jina fupi. Mimi ningempa refu zaidi.

Alizaliwa Unguja mjini, akaja Omani msichana, na mpaka leo anazungumza Kiswahili kile cha zamani kilichopigwa pasi. Wazazi wangu walikuwa Waarabu wa bara. Baba alizaliwa Tabora, mama Ujiji, na mimi nikalelewa Sur. Kwa mavyaa, hilo lilitosha kabisa. Nikifungua mdomo tu, aliwageukia wageni. "Mnasikia? Sie tulizaliwa na Kiswahili. Wenzetu hawa walikiokota stesheni, gari-moshi lilipokidondosha." Wageni wakacheka, mimi nikapitisha kahawa. Nikipika pilau, alionja kijiko kimoja akakiweka chini taratibu. "Aliyepika hii," akasema, "hajaila pilau. Amesimuliwa."

Nakiri kwamba alikuwa na kipaji. Mtu mwingine angenitukana akamaliza; yeye alinitukana nikawa nalikumbuka tusi wiki nzima kwa uzuri wake. Akutukanaye hakuchagulii tusi, wanasema. Yule alinichagulia, tena kwa mapenzi.

Zaidi ya yote alitaka mwanawe aongeze mke. Hakuficha. Alikuwa na shoga yake Nizwa, mtu wa Unguja kwa baba na kwa mama, mwenye binti aliyekwisha kuhitimu na bado hajaolewa. "Mwanamme hana mke mmoja," aliniambia siku moja huku nikimkanda miguu. "Ana mke wa kwanza." Nikaendelea kukanda. Mume wangu alikuwapo, amekaa hapo hapo juu ya busati, akitazama simu. Hakusema kitu. Hakuwahi kusema kitu. Si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa kelele. Lakini nilikuwa nimefikia umri wa kuchoka, na nilitaka jambo moja tu kutoka kwake, dogo, lisilomgharimu chochote: siku moja, mbele ya mama yake, aseme neno moja la kweli upande wangu. Nilijiambia kwamba akilisema nitakaa nyumba ile mpaka nife, na huyo binti wa Nizwa aje hata kesho. Asipolisema, basi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimewafundisha wasichana wa Ibra kwa miaka mingi kwamba maji yakiganda hupanuka, na kwamba hakuna chuma kinachoweza kuyazuia. Wanaliandika, wanafaulu mtihani, wanalisahau, kwa sababu Ibra hakuna kinachoganda ila mafuta ya nazi. Lakini nyumbani kwetu nilikuwa nikiishi na sheria nyingine ya maji, ya mavyaa, nayo ilikuwa ya kale kuliko fizikia yangu.

Nyumba haiachwi kavu. Ndivyo walivyofundishwa kwao, zama za kuchota maji kwenye kisima na kuyahifadhi mtungini: mtu akiondoka, akiwa anakwenda msibani au shamba au safari ndefu, kazi ya mwisho ni kuujaza mtungi na kuufunika. Pengine atapita mgeni, pengine atapita mwenye kutaka udhu, pengine atapita malaika. Nyumba iliyoachwa kavu, alisema mavyaa, imeachwa na mwenyewe. Tukienda Ras al Hadd kwa likizo ya Idi, gari linanguruma nje, sote tumeshapanda, yeye bado yumo ndani anajaza ndoo katika kila choo. Tukirudi tunapokewa na mbu. Mbu wale, nadhani, ndio wale malaika.

Alipojua kwamba kila Jumamosi naimwaga karavani mpaka ibaki kavu, alisikitika kama aliyeambiwa kwamba namwaga chakula. "Na wewe wamwachia!" alimwambia mwanawe. Mwanawe akasema, "Adi, mama, adi." Ndiyo lililokuwa jibu lake kwa kila jambo: kawaida, hakuna neno, tusiendelee. Sikumlaumu. Hilo lilikuwa jambo dogo, na bado nilikuwa namwekea akiba.

Mwisho wa mwaka ukaja na mitihani. Nilijua hatutapanda mlimani kwa wiki kadhaa, na hizo ndizo wiki za baridi kali. Kumwaga tu hakungetosha. Kuna maji yanayobaki kwenye mabomba, na haya hutolewa kwa upepo. Na kuna maji yanayobaki kwenye kona ya bomba chini ya sinki na chini ya choo, ambayo kazi yake ni kuzuia harufu isipande. Haya hayatoki kwa upepo. Yanatiliwa dawa ya rangi ya waridi isiyoganda. Nilimwambia mume wangu, anayekwenda Maskati kila wiki kwa kazi zake za wizarani, aniletee. Nikamwambia wazi: iko ya aina mbili, moja imetengenezwa kwa pombe na nyingine haina, chukua isiyo na pombe, maana ndani ya karavani hiyo watu wanatawadha.

Akaleta ya pombe. Ndiyo iliyokuwa karibu na mlango wa duka.

Tuliigundua tukiwa tayari juu mlimani, Jumamosi, jua linawaka na upepo unakata masikio. Nilisoma kibandiko nikamwonyesha. "Adi," akasema. "Nani atakayekunywa bomba?" Nikafikiri. Nikamwambia basi, haitaingia kwenye njia ya maji safi hata tone. Maji safi tutayatoa kwa upepo peke yake, na dawa hii itakwenda kule tu yanakokwenda maji machafu, penye mate na povu la sabuni. Akakubali. Nakumbuka alivyokubali, kwa kutikisa kichwa, ameshika dumu mkononi.

Siku ile ilikuwa nzuri, na kuisema nzuri kunaniuma. Alileta mashine ya kujazia upepo matairi, tukaiunganisha pale panapoingizwa maji, mimi nikawa ndani nafungua mifereji mmoja mmoja na yeye nje anabonyeza. Nikipiga ukuta kwa kiganja, anaanza. Nikipiga tena, ananyamaza. Mfereji wa jikoni ukakohoa, ukatema, ukapiga mluzi. Wa bafuni vivyo hivyo. Hita nilikuwa nimeshaitoa kizibo na imemwaga maji yake yote juu ya mawe. Pampu nikaizima. Halafu nikamimina ile dawa, kikombe kwenye sinki, kikombe bafuni, vikombe viwili chooni, na rangi ile ya waridi ikatulia chini kama sharbati ya harusi. Yeye akaingia, akanitazama nimepiga magoti, akasema, "Wallah wewe ni fundi." Nilikuwa na miaka mingi sijasifiwa na mtu aliye hai. Nilishuka mlima ule nikiimba.

Kosa lilikuwa lile dumu. Lilibaki nusu, naye kwa kutopenda kutupa vitu akalirudisha Ibra na kuliweka stoo, karibu na gunia la mchele la mama yake.

Wifi yangu ndiye aliyeliona. Ni mfamasia, dada mkubwa wa mume wangu, mjane, mwenye macho ya kusoma maandishi madogo na moyo wa kuyasoma kwa sauti. Nilirudi kutoka skuli nikakuta dumu limewekwa katikati ya chumba cha wageni, juu ya gazeti, na mavyaa amekaa mbali nalo kiasi cha kuonyesha kwamba yuko mbali nalo. Mume wangu yupo, anapoza chai yake kwenye kisahani.

"Nini hii?" akauliza mavyaa.

"Shikamoo, mama. Ni dawa ya mabomba ya karavani."

"Mie sikuuliza yafanya kazi gani. N'meuliza nini."

"Imeandikwa alikoholi," akasema wifi. "Tena asilimia kubwa."

"Umetia pombe ndani ya nyumba ambamo mwanangu anachukua udhu," akasema mavyaa.

Nikaeleza. Nikaeleza vizuri, kama ninavyoeleza darasani: mabomba ya maji safi hayakuguswa, dawa imewekwa kwenye kona za maji machafu tu, haichanganyiki, haipandi. Mavyaa akanisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitisha.

"Watu wa bara," akasema, "hamjui kwamba najisi haina kona. Nani kainunua?"

Haya sasa, nikajiambia. Hili hapa. Si kubwa, si zito, maneno mawili tu: nimenunua mimi. Hata hangehitaji kusema kwamba nilimwagiza nyingine. Nilimtazama mume wangu, na mama yake akamtazama, na hata wifi akageuza shingo. Akanyanyua kisahani akanywa chai. Akakiweka.

"Itaoshwa, mama," akasema. "Khalas. Itaoshwa tu."

Sikulia. Nililichukua dumu nikaenda kulimwaga nyuma ya nyumba, na hata kule nikasikia sauti ya mavyaa ikimsimulia mtu kwenye simu. Kufikia Jumatano habari ilikuwa imeshafika soko la wanawake. Muuza ubani mmoja, ambaye kila siku hunipunguzia bei, alinitazama mikono kabla ya kupokea pesa yangu. Mwalimu mwenzangu akaniuliza, kwa huruma iliyojaa hamu, kama ni kweli nimeanza kunywa. Nilimchukia mume wangu wiki ile kwa mara ya kwanza, chuki safi, na asubuhi nikampigia pasi kanzu yake kama kawaida.

Siku chache baadaye akaniambia anakwenda Nizwa kumtazama mgonjwa. Mavyaa na wifi wakasema watafuatana naye, wakamsalimie shoga. Nilibaki na karatasi za mitihani. Waliporudi, kanzu yake ilikuwa imelowa pindoni na ina vumbi jekundu la mlimani. Nilidhani ni la bustani ya mgonjwa. Nikaifua.

Ndipo baridi ikaanguka. Wasichana wakaja darasani na picha kwenye simu zao: vichaka vya Jabal Shams vimevaa barafu, watu wamepanda kutoka kila pembe ya nchi kupiga picha na tope lililoganda. "Ustadha, tazama, si ndiyo ile uliyotufundisha?" Nikasema ndiyo ile. Nilisimama mbele yao nikiwa na amani kubwa rohoni. Nilikuwa na nyumba moja tu duniani, na nyumba hiyo ilikuwa kavu.

Likizo ilipofika, mavyaa mwenyewe ndiye aliyetaka tupande. Nilipaswa kushtuka, kwa sababu mavyaa hapendi mlima. Anasema baridi ile ni ya makafiri. Lakini alitaka kumwalika shoga yake na bintiye, wapitie mchana mmoja, wale chakula, waone. Waone nini hakusema, na hakukuwa na haja. Nilipika tangu alfajiri. Tukapita Bidbid, tukanywa chai, tukapinda kuelekea Nizwa, tukawachukua wale wageni, tukapita Tanuf na Al Hamra, gari mbili zinafuatana. Yule binti alikuwa na sauti ndogo na viatu vya wazi ambavyo havikufaa. Njiani aliniuliza kama kuna wanyama. Nikamwambia wapo mbuzi, na wengine utawaona ukifika.

Tulifika adhuhuri. Nilitangulia mimi, nina funguo.

Mlango haukutaka kufunguka, umenata chini. Niliusukuma kwa bega. Harufu ya zulia bichi ikanijia, kisha nikakanyaga na mguu ukateleza. Sakafu nzima ya upande wa kivuli, kuanzia jikoni mpaka kitandani, ilikuwa barafu. Si nyingi, unene wa sahani, lakini imara, na ndani yake zulia langu limenaswa, na ncha ya pazia langu, na kandambili moja. Godoro la chini lilikuwa limekakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Upande wa dirisha, ambako jua lilikuwa limeingia, kulikuwa na bwawa. Nikafungua kabati la chini ya sinki. Kiungio kilikuwa kimepasuka mdomo wazi. Bafuni mfereji ulikuwa umegawanyika kwa urefu wake. Nikaenda kwenye hita nikapitisha kidole kwenye ubavu wake, kikaingia.

Pampu ilikuwa imewashwa. Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu. Mabomba yalijazwa, yakaganda usiku, yakapasuka. Mchana yakayeyuka, na pampu, mtumishi mwaminifu, ikalisukuma tangi zima ndani ya nyumba yangu.

Nilitoka nje. Wote walikuwa wamesimama kwenye mlango wa karavani na vikapu vyao. Mavyaa alichungulia ndani, tasbihi mkononi, na uso wake haukubadilika.

"Pombe hiyo," akamwambia shoga yake. "Haijapata kukaa mahali ikaacha salama. N'limwambia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Nani alijaza tangi?" nikauliza.

Wifi akahamishia kikapu mkono wa pili.

"Mimi niliondoka hapa tangi halina kitu na pampu imezimwa. Nani alijaza tangi?"

"Usipandishe sauti mbele ya wageni," akasema wifi. "Tulikuja kutwahirisha, ulitaka iachwe vile? Tumeosha kila bomba mara tatu mpaka maji yakatoka safi. Mama katia na Zamzam. Bwanako mwenyewe kabeba madumu."

"Na mkaacha maji ndani."

"Nyumba haiachwi kavu," akasema mavyaa, kama anayemkumbusha mtoto kunawa mikono.

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa pembeni ya gari, funguo zinazunguka kidoleni. Yeye alikuwapo siku ile ya upepo, alibonyeza mashine, aliona mabomba yakipiga mluzi makavu, alijua kwamba pombe haikuingia ndani yake hata tone. Halafu akapanda na madumu akayajaza. Alijua kosa lilikuwa la nani na alijua halikuwa langu, na watu waliokuwa wakisubiri kumsikia walikuwa wamesimama hapo hapo, mama yake na yule binti na mama wa binti. Sijapata kumwomba mtu kwa macho kama nilivyomwomba.

Akawageukia wageni. Akasema kwa Kiarabu, kwa upole, akitabasamu kidogo lile tabasamu la mwenye nyumba aliyeaibika: "Mtuwie radhi. Mke wangu alisahau kumwaga maji."

Mimi.

Yule binti aliingiza mguu ndani, akaigusa barafu kwa ncha ya kiatu, akaurudisha haraka. Kisha akanijia akasema, "Pole, dada." Ndiye pekee aliyesema pole siku ile, na sikumjibu. Chakula tulikila nje, juu ya mkeka, katika upepo. Mavyaa alionja pilau akasema leo nimejitahidi.

Sikuachwa. Niliondoka. Niliomba uhamisho, nikarudi Sur, katika nyumba ya marehemu mama yangu, ambako maji ya mfereji yana chumvi na hayajapata kuganda tangu dunia iumbwe. Watu walitegemea nigombane, nidai, niitishe mashahidi. Kwa nini? Mashahidi walikuwapo wote, walikula pilau. Mume wangu alikuja mara mbili kunisihi, amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, akasema mambo yote ni adi. Mara ya tatu hakuja, na kabla ya Ramadhani akamwoa yule binti wa Nizwa. Karavani ilitengenezwa. Aliifanyia kila kitu kipya, mabomba, hita, sakafu, na nasikia hata mapazia, na akampeleka bibi harusi huko huko mlimani. Aliyenipa habari hizo alidhani ananichoma moyo. Alikuwa anauchoma, lakini mimi nilimtilia chai.

Baridi ya pili ikaja. Jumamosi moja alasiri nilikuwa jikoni nakuna nazi, simu ikalia, jina lake. Nikapokea kwa kiwiko.

Akanisalimia, akauliza hali, akauliza watoto kana kwamba si wake. Nikasikia upepo nyuma ya sauti yake, upepo ule, ningeutambua popote. Walikuwa juu. Walikuwa wanashuka, hawatarudi kwa wiki kadhaa. Alikuwa na swali.

"Zile koki za chini," akasema. "Ziko wapi? Mwenzio hajui, na mimi nimesahau. Nyuma ya gurudumu, au wapi?"

"Unataka kumwaga maji?"

"Ndiyo. Au sijui." Akashusha sauti. "Mama yuko hapa. Anasema tangi lijazwe, nyumba haiachwi kavu, na kwamba mwaka jana ilikuwa pombe ile, si maji. Nami sitaki kelele. Wewe wasemaje? Niambie wewe tu, nifanye nini, nami nitafanya."

Asubuhi ile ile wasichana wangu wa Sur walikuwa wamenitumia kwenye simu picha za Jabal Shams. Vichaka vilikuwa vimekwisha kuvaa barafu, na walisema usiku huo ungekuwa mbaya zaidi. Nilifuta mikono. Nilimsikia mavyaa kwa mbali akiuliza anaongea na nani, na karibu zaidi sauti ndogo ikisema kwamba vikapu viko tayari. Nilimfikiria yule binti aliyenipa pole, na godoro lake, na mapazia yake. Nilimfikiria kidogo.

"Mama yako amesema nini?" nikauliza.

"Amesema yaachwe."

"Basi mfuate. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Akapumua, pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Na pampu?"

"Iache imewashwa," nikasema. "Atakayetaka udhu asipate taabu."

"Shukran," akasema. "Wallah shukran. Wewe ndiye pekee anayejua mambo haya." Na alimaanisha, nilimsikia akimwambia mama yake kwa furaha kwamba hata mimi nimekubali.